Barua ya wazi kwa viongozi wa halmashauri yetu: Mkutano mkuu wa kijiji uitishwe

Kwa:
Mkurugenzi Mtendaji,
Mwenyekiti wa Halmashauri na Waheshimiwa Madiwani,
Halmashauri ya Wilaya yetu,
Mkoa wa Tabora.

Nakala: Mkuu wa Wilaya, Ofisa Mtendaji wa Kata, wananchi wote wa kijiji chetu.

YAH: KUTOITISHWA KWA MKUTANO MKUU WA KIJIJI NA HAKI YA WANANCHI KUSHIRIKI KATIKA UONGOZI WAO

Waheshimiwa,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mkazi wa kijiji kimojawapo ndani ya eneo mnaloliongoza, na ni mkulima wa tumbaku na mahindi. Sikupenda suala hili lifike hadharani. Mimi na wenzangu tulianza kwa kuzungumza na mtendaji wa kijiji, tukaenda ofisi ya kata tukiwa na maelezo ya maandishi, na hatimaye tukapeleka barua masjala ya halmashauri, ambako ilipokelewa na kugongwa muhuri. Hadi ninapoandika haya hatujajibiwa, wala hatujaitwa kusikilizwa. Sitakitaja kijiji wala mtumishi yeyote kwa jina, kwa sababu sina nia ya kumdhalilisha mtu, na kwa sababu ndugu na jamaa zetu wa vijiji vya jirani wanatueleza kwamba hali yao haina tofauti na yetu.

Kila uchaguzi unapokaribia tunahimizwa na viongozi wa ngazi zote tujiandikishe, tusikilize sera na tujitokeze kupiga kura. Tulifanya hivyo Novemba 27, 2024, tukamchagua mwenyekiti wa kijiji, wajumbe wa halmashauri ya kijiji na wenyeviti wa vitongoji. Kura zikahesabiwa, matokeo yakabandikwa, viongozi wakala kiapo. Tangu hapo hatujakaa katika mkutano mkuu wa kawaida wa kijiji, ule wenye ajenda, taarifa ya mapato na matumizi, maswali na maazimio. Tulichoitiwa ni mikusanyiko ya kupokea wageni na kutangaziwa michango. Kisha katika vikao vyenu tunasikia ikisemwa kwamba wananchi wa siku hizi hawana mwamko. Waheshimiwa, mwamko wa mwananchi hauishi bila sababu. Unaisha pale anapoona kwamba baada ya kura yake hakuna anayemuuliza neno kwa miaka mitano.

Nianze na msingi wa sheria, ili isionekane kwamba tunaomba fadhila. Ibara ya 8 ya Katiba yetu ya mwaka 1977 inasema kwamba wananchi ndio msingi wa mamlaka yote, kwamba Serikali itawajibika kwa wananchi, na kwamba wananchi watashiriki katika shughuli za Serikali yao. Ibara ya 21 inampa kila raia haki ya kushiriki kwa ukamilifu katika kufikia uamuzi juu ya mambo yanayomhusu yeye, maisha yake au Taifa lake. Ibara ya 146 inaeleza kwamba madhumuni ya kuwapo kwa serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Nayo Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya mwaka 1982 imeunda mkutano mkuu wa kijiji, ambao mjumbe wake ni kila mkazi aliyetimiza miaka 18, na ikaupa mamlaka ya juu kabisa katika mambo ya kijiji. Mkutano huo hukutana kila baada ya miezi mitatu. Hakuna chombo kingine chochote katika nchi hii ambacho mkulima asiye na cheo anaingia akiwa mjumbe kamili, mwenye haki ya kusema na kuamua, bila kuteuliwa na mtu. Ndiyo maana mkutano huu ukinyamazishwa tunakuwa tumenyang'anywa kiti pekee tulicho nacho kati ya uchaguzi mmoja na mwingine.

Baada ya kusema hayo, naomba kuwasilisha malalamiko yetu.

1. Mikutano haiitishwi kwa ratiba. Miezi mitatu inapita, mingine mitatu inapita, na mbao za matangazo za ofisi ya kijiji zimejaa karatasi za zamani zilizopauka kwa jua. Madhara yake ni makubwa kuliko yanavyodhaniwa. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai 1, na Bunge hujadili bajeti kuanzia Aprili hadi Juni. Kabla ya hapo vipaumbele vinatakiwa viibuliwe vijijini, vipitie Kamati ya Maendeleo ya Kata, vifike kwenye baraza la madiwani, ndipo viende mbele. Kijiji ambacho hakikukaa kabla ya hatua hizo kuanza kimepoteza mwaka mzima. Huo ndio utaratibu ambao halmashauri zenyewe zimekuwa zikiutumia kwa jina la Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, yaani wananchi wenyewe waseme wana nini, wanakwama wapi na wanataka kuanza na lipi. Kijijini kwetu hatukuulizwa. Tuliona mpango ukiwa umekwisha kuandikwa, wenye kipaumbele ambacho hakuna kitongoji kilichokitaja, huku kisima ambacho akina mama wamekuwa wakikililia kikiwa hakimo.

2. Mapato na matumizi hayasomwi. Hili ndilo linalotuumiza kuliko yote, na naomba mnivumilie nilieleze kwa urefu. Kijiji chetu kinakusanya fedha kwa njia ambazo kila mtu anaziona: michango ya kaya, faini za mifugo inayoingia mashambani, ada za mnada, na malipo yanayotokana na mazao ya misitu yanayopita katika eneo letu. Ziko pia fedha zinazotakiwa kurudishwa kijijini kutoka halmashauri, ambako ushuru wa tumbaku yetu huenda. Wananchi walichanga fedha kwa ajili ya zahanati. Vijana wakasomba mchanga na mawe, akina mama wakabeba maji, mafundi wakafyatua na kuchoma tofali, na boma likapanda hadi kwenye lenta. Hapo likasimama. Hakuna aliyekuja mbele yetu kusema kiasi gani kilikusanywa, kiasi gani kilitumika, kimebaki nini, na ni lini halmashauri itatimiza ahadi ya kuezeka. Mvua za msimu mmoja zimekwisha kulinyeshea lile boma na tofali za juu zimeanza kumomonyoka. Mama mjamzito wa kijiji chetu bado anabebwa kwa bodaboda kwenda zahanati ya kijiji kingine.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Simtuhumu mtu kwa wizi, kwa kuwa sina ushahidi wa wizi. Inawezekana kabisa kwamba kila shilingi ilitumika ilivyopasa. Lakini mwenyekiti mwaminifu asiyesoma hesabu anajiweka mahali pamoja na mwizi, kwa sababu wananchi hawana njia ya kuwatofautisha, na matokeo yake ni kwamba mchango unaofuata hautolewi. Hilo limekwisha kutokea. Ulipotangazwa mchango wa madawati, kaya nyingi zilikataa, na zikaitwa kaya za watu wasiopenda maendeleo. Watu wale wale walioinua boma la zahanati kwa mikono yao wanaitwa wasiopenda maendeleo!

3. Ardhi inagawanywa bila sisi kujua. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inaitaka halmashauri ya kijiji isimamie ardhi kama mdhamini kwa niaba ya wanakijiji, na haimruhusu mtu wala kamati kugawa ardhi ya kijiji kabla ya mkutano mkuu kuridhia. Kwetu tumeona vigingi vikichomekwa katika eneo tulilolijua kuwa la malisho na la kutundikia mizinga ya nyuki, na tulipouliza tukaambiwa kwamba jambo hilo lilipita kwenye kikao. Kikao kipi, cha tarehe ipi, na muhtasari wake uko wapi? Mkoa huu unajua vizuri gharama ya mkulima na mfugaji kugombea ardhi ambayo hakuna aliyewaketisha pamoja kuizungumza.

4. Taarifa za haki zetu zinatufikia zikiwa zimechelewa. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, yaani asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, ilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Vikundi vingi vya vijana kijijini kwetu vilisikia habari hiyo kwa watu waliotoka mjini. Vivyo hivyo, majina ya kaya zinazoingizwa katika mpango wa TASAF wa kunusuru kaya masikini yanatakiwa yahakikiwe na jamii mkutanoni, kwa sababu jirani ndiye anayejua nani analala njaa. Bila mkutano, uhakiki huo anaufanya nani?

5. Anayeuliza anageuzwa adui. Mwananchi akisimama kuuliza habari ya fedha za zahanati, jioni yake anaitwa mchochezi, au anaambiwa kwamba ametumwa na chama fulani. Napenda niseme wazi kwamba kati yetu tuliotia saini ile barua wamo wanachama wa vyama tofauti, na wamo wazee ambao hawajawahi kuwa na kadi ya chama chochote. Boma lisiloezekwa linanyeshewa kwa wote.

Najua majibu ambayo huwa yanatolewa, na ni haki niyazungumzie kwa heshima yake.

Litasemwa kwamba watu wakiitwa hawaji, akidi haitimii. Ni kweli kwamba imewahi kutokea. Lakini tazameni jinsi mwito ulivyokuwa: tangazo lilibandikwa jioni, mkutano ukawa kesho yake saa tatu asubuhi, katika majira ambayo kaya nzima iko shambani ikichuma tumbaku na nyingine iko kwenye mabani ikilinda moto wa kukaushia. Mkulima aliyewasha bani hawezi kuliacha, maana zao la mwaka mzima liko humo. Mwanamke ambaye asubuhi yake yote ni maji na watoto hawezi kufika saa tatu. Uiteni mkutano siku saba kabla, saa tisa alasiri, tangazo lipite kwa wenyeviti wa vitongoji, misikitini na makanisani, kisha mhesabu waliokuja. Hesabu za uchaguzi mkuu nazo zinatufundisha jambo hilo: mwaka 2010 waliojiandikisha nchini walizidi milioni 20, lakini waliopiga kura hawakufika asilimia 43, miaka mitano baadaye, mwaka 2015, waliojitokeza walizidi asilimia 67. Nchi ni hiyo hiyo na watu ni hao hao. Mtu huacha shughuli zake akaja anapoamini kwamba kuja kwake kuna uzito.

Litasemwa kwamba watendaji ni wachache na wengine wanakaimu zaidi ya kijiji kimoja, na kwamba wenyeviti wa vijiji hawana mshahara. Hili lina ukweli ndani yake, na sisi tunawahurumia wenyeviti wetu, ambao wanaamshwa usiku kwa kila ugomvi na kila msiba bila malipo ya maana. Hata hivyo, mkutano mmoja kwa miezi mitatu, chini ya mwembe, hauhitaji bajeti. Unahitaji daftari la mahudhurio, kalamu na kitabu cha hesabu.

Litasemwa pia kwamba fedha hazijaletwa, hivyo hakuna cha kusoma. Basi isomwe hivyo hivyo, kwamba hakuna kilichoingia, na ituambie nani aliandikiwa barua ya kuzifuatilia na amejibu nini.

Na litasemwa, pengine kwa sauti ya chini, kwamba mikutano inaleta siasa na siasa inaleta vurugu. Mimi naona kinyume chake. Fununu za ardhi iliyouzwa, minong'ono ya fedha zilizoliwa, hasira za vijana wanaokaa vijiweni wakiulizana nani atawasikiliza, hayo yote yanakua mahali ambapo hakuna mkutano. Mkutano unayatoa nje mchana, mbele ya watu wazima, na muhtasari unaandikwa.

Waheshimiwa, naomba mniruhusu niwageukie wenzangu wa kijijini kwa maneno machache, kwa kuwa barua hii wataisoma nao, na kwa kuwa baadhi yao wamekwisha kuniambia kwamba ninapoteza muda. Wanasema waliokubaliana wamekubaliana, na kwamba mtu mwenye akili analima shamba lake na kuachana na mambo ya viongozi. Ndugu zangu, mkutano ulioamua tofauti na fikra hiyo ulifanyika hapa hapa Tabora. Januari mwaka 1958, wajumbe wa TANU walikutana katika mji huu kuamua kama waingie katika uchaguzi ambao serikali ya kikoloni ilikuwa imeuwekea masharti mabaya. Haki ya kupiga kura ilifungwa kwa kipato, elimu au aina ya kazi, hivyo Waafrika wengi wakabaki nje. Aliyeruhusiwa alilazimishwa kuchagua watu watatu kwa rangi, Mwafrika, Mzungu na Mwasia, la sivyo kura yake iliharibika. Wajumbe wengi walitaka kususa, na walikuwa na kila sababu ya kukasirika. Mwalimu Nyerere, ambaye alisoma katika mji huu na baadaye akafundisha hapa katika Shule ya Mtakatifu Maria, aliwashawishi waingie. Baadhi hawakukubali, na Zuberi Mtemvu akajitenga na kuanzisha chama chake. Uchaguzi ukafanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959, na wagombea wa TANU pamoja na wale iliowaunga mkono wakashinda. Uhuru ukaja Desemba 9, 1961.

Wale walikuwa na sheria iliyoandikwa dhidi yao, na bado hawakukaa nyumbani. Sisi sheria iko upande wetu. Hakuna anayetuuliza kipato chetu wala darasa tulilofika ili tuketi katika mkutano mkuu wa kijiji. Tukiuacha ufe kwa sababu umeitishwa vibaya au kwa sababu tumekatishwa tamaa, uamuzi kuhusu kisima, malisho, zahanati na michango yetu hautasimama kutungoja. Utafanywa na watu watano au sita ofisini, na sisi tutalipa. Kumbukeni pia kwamba ushiriki wenyewe uliwahi kuondolewa: halmashauri zilivunjwa mwaka 1972, na zikarejeshwa mwaka 1984 baada ya nchi kuona kwamba mambo ya watu hayaendeshwi vema pasipo wao. Tuliorudishiwa haki hiyo hatuna sababu ya kuiacha ituponyoke kwa uzembe wetu wenyewe. Kwa hiyo nendeni mkutanoni hata kama mnadhani hamtasikilizwa, andikeni majina yenu katika daftari la mahudhurio, ulizeni kwa adabu, na takeni swali lenu liingizwe kwenye muhtasari.

Baada ya maelezo hayo, Waheshimiwa, tunaomba yafuatayo.

Kwanza, mkutano mkuu wa kawaida wa kijiji chetu uitishwe ndani ya siku 30 tangu kupokelewa kwa barua hii, kwa tangazo la siku zisizopungua saba na kwa saa ambayo wakulima na akina mama wanaweza kufika, na ajenda ya kwanza iwe taarifa ya mapato na matumizi tangu uongozi uliopo uingie madarakani, ikiwamo hesabu kamili ya zahanati.

Pili, ratiba ya mikutano minne ya mwaka ibandikwe katika mbao za matangazo za kila kijiji cha halmashauri hii, na si chetu tu, huku Mkurugenzi akimtaka kila mtendaji awasilishe muhtasari na mahudhurio kila robo mwaka. Mtendaji anayeshindwa aulizwe sababu kwa maandishi.

Tatu, ugawaji wowote wa ardhi uliofanywa bila ridhaa ya mkutano mkuu usitishwe hadi mkutano utakapoketi na kuamua, na mihtasari ya vikao vinavyotajwa kuwa viliuridhia iletwe isomwe mbele yetu.

Nne, idara ya maendeleo ya jamii imtume ofisa wake katika mkutano huo aeleze utaratibu wa mikopo ya asilimia 10 na namna vikundi vinavyosajiliwa, kwa lugha ambayo kijana aliyeishia darasa la saba ataielewa.

Tano, Waheshimiwa Madiwani watamke katika baraza lao, na tamko hilo liingie kwenye kumbukumbu, kwamba mwananchi anayeuliza habari ya fedha za kijiji hatatishwa wala kubaguliwa katika huduma yoyote.

Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa Na. 6 ya mwaka 2016 inaipa ofisi ya umma siku 30 kumjibu mwananchi aliyeomba taarifa. Sambamba na barua hii tunawasilisha masjala ombi rasmi chini ya sheria hiyo, tukitaka nakala ya hesabu za kijiji chetu na taarifa ya fedha zote ambazo halmashauri imezirejesha kijijini tangu uchaguzi wa 2024. Siku hizo zikipita bila jibu, tutapeleka ombi lile lile kwa Mkuu wa Wilaya na kwa Mkuu wa Mkoa, tukiambatanisha nakala yenye muhuri wenu. Mkutano ukiitishwa, tutakuja, na tutakuja na maswali yetu yakiwa yameandikwa.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mkulima na mkazi wa kijiji,
kwa niaba ya wenzangu tuliotia saini barua ya awali,
Mkoa wa Tabora.